Homa ya Kuazima

Shahidi aliuliza swali lake la kwanza, kama alivyouliza kila mara Tupokigwe alipolala kwenye kile kiti kirefu cha kutolea damu.

"Unatoa kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu aliyekutisha?"

"Hakuna."

"Unajua kwamba unaweza kuacha leo hii, bila kuulizwa sababu?"

Tupokigwe akamtupia jicho Daktari Subilaga Mwaisumo, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, kisha akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaishe, "Najua."

Taa ya Shahidi ikawaka kijani.

Kilikuwa chombo kidogo tu, ukubwa wa redio ya mezani, lakini bila taa ile hakuna sindano iliyoruhusiwa kugusa mwili wa mtoaji katika kituo chochote nchini. Kiliundwa baada ya ile miaka mibaya ambapo maskini walikamuliwa damu na uboho kama mifugo, nacho kilikuwa hodari wa kazi yake. Kilisikiliza sauti, kikapima mapigo ya moyo na jasho la kiganja, kikatambua woga hata wa mtu anayecheka. Jambo moja tu lilikishinda. Hakikuweza kujua kama kile anachokiamini mtoaji ni cha kweli.

Tupokigwe aliamini, ndiyo maana taa ikawa kijani. Subilaga, ambaye ndiye aliyempandikizia imani hiyo, akageuza uso akawa anatazama migomba ya bondeni wakati muuguzi akiisukuma sindano.

*

Tupokigwe Mwakalobo alikuwa mnunuzi wa kakao huko Kyela, mwanamke mrefu, mcheshi kwa watu anaowajua na mkimya kwa asiowajua. Alipokuwa hajafika hata miaka thelathini alipata saratani ya matiti, tena ile kali, isiyo na hata mmoja kati ya milango mitatu ambayo dawa za zamani ziliipitia kuingia kwenye seli. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika mapafuni. Akarudishwa nyumbani akafie mikononi mwa wazazi wake, lakini hakufa. Mwili wake ulijitengenezea kingamwili, wale walinzi wadogo wa damu, ambazo ziliitambua saratani popote ilipojificha, na msimu ulipogeuka mapafu yake yalikuwa safi.

Wataalamu wa Kituo cha Lusungo, juu ya Tukuyu, walipomwita na kumpima, walikuta jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Kingamwili ya kawaida hushika alama moja juu ya ngozi ya seli, kama ufunguo na kufuli lake. Saratani nayo si mjinga. Ikiona inawindwa kwa alama ile, huivua. Ambakisye, mkuu wa maabara, alizinakili kingamwili za Tupokigwe akazikuza kwenye matangi. Zilifanya kazi wiki chache, kisha saratani ikabadili sura, na matangi yakabaki yanazalisha funguo za mlango uliokwisha kung'olewa. Tangi halijui kujifunza. Mwili wa Tupokigwe ulijua. Ukiudunga chembe za uvimbe wa mgonjwa, zilizokwisha kuuawa kwa mionzi, uliwaka homa kwa siku kadhaa, na homa ilipotulia damu yake ilikuwa imejaa kingamwili mpya za kumfaa mgonjwa yule, kwa sura ya saratani yake ya wakati ule. Hapo Ambakisye alizichuja, akazibebesha sumu kali kwa kiungo kinachokatika pale tu kingamwili inapomezwa na seli, na mgonjwa akatundikiwa dripu. Sumu ilizunguka mwili mzima ikiwa imefungwa mdomo. Ilifunguka ndani ya saratani.

Tupokigwe aliiita homa ya kuazima. Alimwambia Subilaga hivyo mwanzoni kabisa, viungo vikiwa vimemvimba hata hawezi kushika kikombe: kwamba homa ile si yake, ameiazima kwa mwenzake, na akiimaliza yeye, mwenzake atapumzika.

Akawaugulia wanawake wengi. Baadhi walipona kabisa, wengine walipata miaka ambayo hawakuitarajia. Lakini tangu mwanzo alisema wazi kwamba ataacha. Alikuwa amechelewa kuolewa. Mumewe Gwakisa, mwalimu wa sekondari, alitaka mtoto, na yeye alimtaka zaidi, na hakuna ambaye angethubutu kubeba mimba huku akidungwa chembe za saratani. Msimu wa kakao ukianza, alisema, anateremka Kyela na hapandi tena. Subilaga alikubali kwa moyo mweupe. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni aliwaita mmoja mmoja, akawaeleza kwa upole kwamba mtoaji ana haki yake, na kwamba haki hiyo haipimwi kwa wingi wa wanaomhitaji. Alilisema neno hilo vizuri sana. Mama mmoja wa Mbozi alilia mbele yake, naye akamshika mkono, lakini hakuyumba.

Msimu ukiwa unakaribia, mdogo wake mwenyewe, Atupele, alifika kituoni akiwa na uvimbe kwapani na kikohozi kisichokatika.

Picha zilipotoka Subilaga alizitazama peke yake ofisini: saratani ileile, hadi mapafuni na kwenye ini. Kisha akavuka uwanja mpaka chumba cha watoaji, akamkuta Tupokigwe anapanga nguo zake kwenye begi. Akaketi kitandani. Akamwambia kwamba vipimo vya mwisho vimeonyesha jambo: ugonjwa wake wa zamani haukufa, umelala tu, na zile homa ndizo zinazoulaza. Akiacha kudungwa, utaamka.

Hakuhitaji maneno mengi. Tupokigwe alizitoa nguo kwenye begi, akazirudisha kabatini moja moja bila kuuliza lolote. Halafu akamshukuru kwa kumwambia mapema.

*

Atupele alikuwa refa. Alichezesha mpira wa wanawake nyanda za juu zote, na sifa yake ilivuma tangu siku alipowatoa kwa kadi nyekundu wachezaji wawili wa timu ya kijiji chao katika mechi moja, kisha jioni akaenda kwenye harusi nyumbani kwa mmoja wao, akala na kucheza kama kawaida. Dawa ilimkubali. Baada ya dripu ya pili kikohozi kilikatika. Baada ya ya tatu akawa anapanda ngazi za wodi kwa kukimbia, akijipima pumzi. Uvimbe uliokuwa kwenye ini ulibaki kama punje ya harage. Ambakisye alisema dripu nyingine chache zingemaliza mizizi.

Subilaga alikuwa akimtembelea mchana, akikaa kando ya kitanda na kumenya machungwa. Ilikuwa furaha yenye miiba. Kila mdogo wake alipoongezeka kilo, kuna mwanamke aliyepungua kilo ng'ambo ya uwanja, nyuma ya mapazia ya kijani, na Subilaga alilijua hilo kwa kuwa ndiye aliyewapima wote wawili.

Siku moja Atupele alitaka kujua ni nani anayemtengenezea kingamwili hizo, amshukuru. Subilaga akamjibu kwamba sheria haiwaruhusu watoaji na wagonjwa kujuana, na hilo lilikuwa kweli. Atupele akatafuna chungwa lake taratibu.

"Dada, anajua anachokitoa?"

"Anajua."

"Na anaridhia?"

"Shahidi humuuliza kila mara."

Atupele akaridhika, akanyoosha mkono apewe chungwa jingine. Subilaga alipokuwa akilimenya aligundua kwamba tangu siku ile ya begi hakuwa amesema uongo mwingine hata mmoja. Haukuhitajika. Ule wa kwanza ulikuwa umeshakua, unatembea wenyewe.

Alijaribu kujitetea. Alijiambia hakuna daktari anayejua kwa hakika kwamba saratani iliyotoweka haitarudi. Huenda alichokisema, kwa bahati tu, ni kweli. Akatafuta katika tafiti za miaka yote chochote cha kumuunga mkono, hakukuta. Na kila alipotafuta ilimjia sura ya yule mama wa Mbozi, aliyeshikwa mkono na kuambiwa habari za haki. Mama yule alikuwa amekwisha kuzikwa. Subilaga asingeweza hata kusema kwamba alidanganya ili kuokoa watu. Watu walikuwepo siku zote, na kwa ajili yao alikuwa mkweli.

*

Tupokigwe alibisha hodi asubuhi moja, Subilaga akiwa ndiyo kwanza anaanza kunywa chai. Alikaribishwa kiti akakikataa. Akasema ameshika mimba.

Alieleza huku macho yakiwa sakafuni. Kijiti cha uzazi wa mpango alichowekwa mkononi kiliisha muda wake na hakuna aliyekumbuka kukibadilisha, kwa kuwa kwa mipango ya kituo ilikuwa awe ameshaondoka. Alipokwenda kwake mapumzikoni, basi, yeye na mumewe ni watu wazima. Hakuja kulalamika. Alikwisha kulia, akamaliza.

"Nimekuja uniandikie niitoe," alisema. "Sheria inaruhusu pale uhai wa mama unapokuwa hatarini, na wewe ndiye unayeijua hali yangu."

Subilaga akamuuliza kama Gwakisa anajua. Hajui, akasema, wala hatajua. Afadhali akose mtoto kuliko kukosa mke na kuachiwa mtoto mchanga. Alisema hayo yote kwa utulivu, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia chini ya kitovu, na ilionekana wazi kwamba hana habari kama umekwenda pale.

Kulikuwa na njia ya kupita, na Subilaga aliiona yote, mwanzo hadi mwisho. Angesema pole, mdogo wangu. Angetia saini. Wiki chache baadaye Tupokigwe angerudi kwenye kile kiti kirefu, taa ingewaka kijani, Atupele angemaliza dripu zake na kurudi uwanjani. Hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Alifungua mdomo na yeye mwenyewe hakujua ni neno gani litatoka.

"Ugonjwa wako haujalala," alisema. "Ulikufa zamani. Nilikudanganya."

Tupokigwe alimwomba arudie, kama mtu aliyepitwa na neno kwenye simu mbovu. Subilaga akarudia, na safari hii alisema yote: hakukuwa na kipimo chochote, homa zile hazikuwa zikilaza kitu, na angeweza kuteremka Kyela siku ile ile na begi lake. Tupokigwe sasa akaketi kwenye kiti alichokikataa. Alikaa hapo mpaka chai ikafanya utando, akitazama vifundo vya vidole vyake.

"Kwa ajili ya nani?" aliuliza.

"Mdogo wangu. Wa tumbo moja."

"Yuko wapi?"

Subilaga akaanza kusema kwamba sheria haiwaruhusu watoaji na wagonjwa kujuana. Hakuimaliza sentensi. Tupokigwe alikuwa ameshasimama, amefungua mlango, anamsubiri atangulie.

*

Walimkuta Atupele anafunga kamba za raba zake ili atoke kutembea. Tupokigwe alisimama kwenye kona ya chumba akamtaka Subilaga aeleze mwenyewe, bila kuruka kitu. Na kila Subilaga alipolegeza neno, alipotaka kusema "nilimshauri" badala ya "nilimdanganya", Tupokigwe alimrudisha nyuma aanze tena. Atupele alisikiliza bila kumtazama dada yake. Alikuwa anaitazama mikono ya mgeni.

Subilaga alipomaliza, Atupele aliuliza kama kuna dawa iliyobaki. Ilikuwepo dripu moja, iliyochujwa kutokana na homa ya mwisho, kwenye jokofu la Ambakisye. Ilikuwa apewe kesho yake.

"Imwagwe," alisema Atupele. "Bao la mkono si bao, hata likitikisa nyavu."

Subilaga alitaka kusema kitu. Tupokigwe akamzuia kwa kuinua kiganja tu, kisha akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda, karibu kabisa na mgonjwa.

"Imwagwe wapi?" aliuliza. "Niliiugulia hiyo nikitetemeka hadi meno yakanitoka damu. Na mtoto alikuwa ameshaingia tumboni bila mimi kujua, naye ameiugua pamoja nami. Usiniambie tena imwagwe."

"Haikuwa haki yangu."

"Haikuwa. Ilichukuliwa. Sasa nakupa mimi, na leo hakuna aliyenidanganya. Hii moja, kisha basi."

Atupele akalia, kilio kikavu cha mtu asiyezoea. Tupokigwe alimshika goti mpaka kikatulia. Halafu akainuka akatoka, akimpita Subilaga mlangoni kama unavyopita nguzo ya umeme.

*

Subilaga alikwenda mbele ya baraza la kituo akasema aliyoyafanya. Wakamnyang'anya leseni, na likatolewa agizo kwamba tangu hapo Shahidi amhoji kwanza daktari, ndipo mtoaji. Hakupata ahueni aliyoitarajia. Kuna waliomchukia kwa uongo wake, na kuna waliomchukia kwa ukweli wake. Kijana mmoja ambaye mkewe alikuwa akingojea zamu alimfuata hadi nyumbani na kumuuliza kwa nini hakunyamaza, kwa kuwa huenda, kama Tupokigwe angebaki, mkewe naye angefikiwa. Subilaga akabaki amesimama uani hata baada ya kijana yule kuondoka.

Atupele aliipokea ile dripu moja. Kwa muda ilionekana kama imetosha. Alirudi uwanjani akachezesha mechi kadhaa, akiwa mwembamba lakini mwenye mbio zilezile. Kisha lile harage la kwenye ini likaanza kukua tena, likiwa na sura nyingine, na safari hii hakukuwa na mwili wa kujifunza sura hiyo. Matangi ya Ambakisye yalijaribu yakashindwa. Subilaga, ambaye sasa hakuwa na kazi, alihamia kwa mdogo wake akawa anamuuguza.

Huko Kyela, Tupokigwe alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Alikuja Tukuyu mara kwa mara kumwona Atupele, akichagua siku ambazo Subilaga amekwenda sokoni au kanisani. Subilaga aliporudi alikuta vibunzi vya mahindi ya kuchoma, na mdogo wake amechangamka. Aliuliza mara moja tu kama Tupokigwe amewahi kumtaja. Hapana, alijibu Atupele, hajakutaja. Kisha akasimulia kwamba siku hiyo Tupokigwe alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo zito, na yeye Atupele, kwa kujua kwamba alitaka kujitolea homa nyingine, akawahi kuzungumzia bei ya kakao.

Subilaga akainama, akamwambia kwamba alichokifanya alikifanya kwa ajili yake.

"Usiseme hivyo, Dada," Atupele alisema. Alikuwa amechoka na maneno yalitoka kwa vipande. "Nakupenda. Lakini mimi hukuniuliza. Uliogopa kubaki peke yako, ukamtuma mwenzio akalipie woga wako. Liite kwa jina lake, ndipo utaweza kukaa nalo."

Alifariki majira ya baridi, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai hadi saa nne za asubuhi. Alizikwa nyumbani, kando ya kaburi la mama yao. Wachezaji walikuja kutoka kila timu, wakiwemo wale aliowatoa nje kwa kadi.

Baada ya maziko wanawake waliketi kwenye mikeka uani. Tupokigwe alikuwa katikati yao, amevaa kanga nyeusi, mtoto amelala mgongoni. Mama mmoja mzee, shangazi wa marehemu, hakumfahamu, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani kwenye ukoo.

"Ni ndugu yake," Tupokigwe akajibu. "Mimi na yeye tuliwahi kuwa na damu moja."

Shangazi akaitikia, akasogea ampe nafasi zaidi.

Wakati wa chakula ulipofika, Subilaga alichukua birika la maji ya vuguvugu na beseni, akaanza kuwanawisha wageni, mkeka hadi mkeka. Kuna aliyetaka kumpokea, kwa kuwa si kawaida mfiwa wa karibu kufanya kazi hiyo, akakataa. Alipofika kwa Tupokigwe alipiga magoti kama alivyowapigia wengine. Tupokigwe alilitazama beseni, wala hakuinua mikono. Mtoto mgongoni akajigeuza, akatulia. Kisha Tupokigwe akanyoosha mikono yake miwili, vidole bado vimepinda kidogo kwenye vifundo, na Subilaga akamwagia maji mpaka aliposema yametosha.